Bangili Iliyoongezwa

Nilisikia harufu ya ndimu zinazochemka kabla hata sijaliona duka la sonara, na nusura nigeuke nirudi zangu nyumbani. Ndimu huwakumbusha wengine samaki wa kukaanga, au mafua. Mimi zikichemka tu, najikuta Kasulu, uani kwetu, nyuma ya duka la baba, mapengo ya meno mbele na vumbi jekundu mpaka magotini.

Shida iliyonipeleka pale ilikuwa ndogo. Tangu niugue nimekonda, na bangili yangu, ambayo zamani nilikuwa siivui bila sabuni, sasa inaanguka yenyewe. Imeanguka bafuni, imeanguka ndani ya sufuria ya maharage, na mara ya mwisho mjukuu wangu aliiokota kwenye takataka. Nikasema, aa, huu sasa ni uchokozi. Nikapanda gari mpaka Kigoma mjini, nikamtafuta kijana mmoja anayesifiwa kwa mkono mwepesi.

Kijana aliiweka bangili kiganjani, akaigeuza, akaisogeza karibu na taa.

"Mama, kazi hii aliifanya nani?"

"Kwa nini?"

"Usinielewe vibaya, lakini imeungwaungwa. Huyu hakuwa fundi."

"Hakuwa," nikamwambia. "Alikuwa mwenye duka."

Akacheka, kisha akapitisha ukucha kwenye upande wenye vidoti. "Halafu hapa pamelika. Kwingine kote fedha ni nzima, hapa tu pamebaki pembamba kama ganda la kitunguu. Kama tunapunguza, ndipo pa kukata. Nikate hapa?"

Nikamwambia asubiri kwanza nikae. Akanisogezea kigoda, akarudi kwenye kisufuria chake cha ndimu. Mimi si mtu wa kulia ovyo, watoto wangu watawaambia. Lakini siku ile nilikaa pale na harufu ile, na ilibidi nijifanye moshi umeniingia machoni.

Baba yangu, Athumani, alikuwa mtu wa Ujiji aliyefuata biashara Kasulu, akaoa huko huko. Duka letu lilikuwa na chumvi ya Uvinza, mafuta ya taa, khanga, sabuni za mche, na dagaa waliotuambukiza harufu yao sote. Baba alikuwa mcheshi na mwenye maneno mengi. Mtu aliingia kununua kiberiti, akatoka amesimuliwa harusi nzima ya Ujiji. Mama alikuwa Muha wa Nyakitonto. Maneno yake yalikuwa machache, ila kila moja lilikuwa na mwiba wake mdogo, na baba aliyapenda mno. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, mimi, Zena.

Mjomba wa baba, sonara wa Ujiji, alipofariki, warithi waligawana nyumba na michikichi. Sanduku lake la kazi hakuna aliyelitaka. Baba akalipakia kwenye lori la dagaa, likaja mpaka Kasulu. Ndani yake mlikuwa na fuawe ndogo, nyundo, koleo, bomba la kupulizia moto, vyungu vidogo vya kuyeyushia, na rupia za Mjerumani zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Mjomba nilimwona akifanya kazi hii tangu nikiwa mdogo," baba alisema. "Hainishindi."

"Mimi nimeona ndege zikiruka tangu nikiwa mdogo," mama akamjibu, "na sijasema nitazirusha."

Basi kila alasiri, baba akishaswali na wateja wakipungua, alihamia uani kwenye mkaa wake. Haikuwa biashara. Hakuuza hata pete moja, na nani angenunua? Alikuwa amepata mchezo, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akicheza. Jirani yetu, Fundi Bihagaze, alitengeneza baiskeli na alijua kulehemu, kwa hiyo baba alimfanya mwalimu kwa lazima. "Lakini mimi nalehemu fremu, Bwana Athumani," alilalamika. "Baiskeli haivaliwi kidoleni." Pete ya kwanza baba alimpa mama. Mama akaivaa, akanyoosha mkono, akaitazama kwa makini. "Hii ni pete," akauliza, "au kwato?" Baba alicheka mpaka akakohoa, na mama hakuivua wiki nzima, ingawa kidole kiligeuka cheusi.

Niseme wazi sasa ili mnifuate: kilichokuwa kinasubiriwa nyumbani kwetu ni mtoto wa pili. Kuwa na mtoto mmoja, kwa wakati ule na mahali pale, lilikuwa jambo la kuulizwa na kila mtu, kisimani, sokoni, hata kwenye foleni ya hospitali. Mama aliwajibu kwa tabasamu, akija nyumbani anakaa jikoni peke yake bila kuwasha moto. Nami nilimtaka huyo mtoto kwa sababu zangu, maana nilikuwa nimechoka kucheza na mbuzi.

Tumbo la mama lilipoanza kuonekana, baba akatangaza kwamba sasa anatengeneza bangili ya mtoto. Kwao Ujiji, mtoto mchanga akitolewa nje mara ya kwanza huvishwa bangili ya fedha. Lakini kwao mama, mtoto aliyeko tumboni hasemwi kwa sauti, wala haandaliwi hata kitambaa. Akija ndipo watu wahangaike. Mnaona wenyewe mgogoro ulipokuwa, na mgogoro huo ulikuja kwa miguu kutoka Nyakitonto, umebeba kikapu cha maharage kichwani. Ulikuwa ni Bibi, mama yake mama.

Bibi na baba walikuwa hawasemezani. Si kwamba waligombana. Kwa desturi ya kwao Bibi, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, ndiyo heshima yenyewe. Alikaa akiwa ameupa mlango kisogo, na alichotaka kumwambia baba alinipa mimi, hata kama baba yuko hapo hapo anamsikia vizuri kabisa.

"Zena, mwambie baba yako chumvi imekwisha."

"Baba, Bibi anasema chumvi imekwisha."

"Mwambie Bibi nitaleta."

"Bibi, baba anasema ataleta."

Nilijiona redio. Siku hiyo Bibi alisikia nyundo uani, akauliza kinachogongwa, akaambiwa. "Zena, mwana wanje, mwambie baba yako aache kumgongea nyundo mtu ambaye hajaja."

Nikapeleka. Baba akakuna kichwa. "Mwambie Bibi ni mchezo tu. Wa kupumzisha akili."

Bangili ile ya kwanza ilipasuka. Fedha ukiifua sana bila kuirudisha motoni hukakamaa, na ukiendelea huachia. Baba alikuwa hajalijua hilo, alifua tu kama anaponda karanga, na ufa ukatokea, mwembamba kama unywele. Siku chache baadaye mama alilala ndani mchana kutwa, wanawake wakaingia na kutoka na maji ya moto, na jioni Bibi akanikalisha chini akaniambia mtoto amerudi alikotoka.

Watu wazima husema maneno kama hayo wakidhani wamemaliza. Mtoto anayachukua anakwenda nayo chini ya mti kuyafikiria. Nilifikiri hivi: mtoto alikuja, akachungulia, akaona bangili yake imepasuka, akageuza. Mimi mwenyewe ningegeuza! Niliwahi kuletewa gauni la Idi lenye tundu nikalia mpaka likarudishwa. Kwa hiyo tatizo halikuwa mama, wala halikuwa Mungu. Tatizo lilikuwa mikono ya baba, na mikono hufundishika. Niliona unafuu mkubwa, na nikaanza kumsimamia.

Baba hakujua kwa nini binti yake amekuwa mkali hivyo. Nilichuchumaa mbele ya mkaa kila alasiri. Fedha ikianza kulia vibaya chini ya nyundo nilipiga kelele, "Rudisha motoni!" naye alirudisha. "Haya, mama mkubwa," aliniita. Mvua ikinyesha tulihamia barazani. Nilijifunza kwamba fedha ikiiva hung'aa kwa ghafla na kutetemeka kama jicho linalotaka kulia, na kwamba hapo ndipo moto unaondolewa, la sivyo kila kitu kinageuka tone. Alipochelewa, bangili iliyokuwa nusura iishe ikajikunja ikawa punje. Nilimnunia siku nzima, na akaanza upya.

Mama alipobeba tena, bangili ilikuwa tayari haina ufa. Ilibaki kusafishwa tu. Fedha ikitoka motoni huwa nyeusi, na kuirudishia weupe huchemshwa kwenye maji ya ndimu. Baba alikuwa akitumia maji yale yale kwa muda mrefu, mpaka yamekuwa ya kijani. Siku hiyo aliizamisha bangili akiwa ameishika kwa koleo la chuma, mteja akaita dukani, akaiacha humo pamoja na koleo lake. Aliporudi akaivuta.

Ilikuwa nyekundu. Si uwekundu wa moto, ni uwekundu wa kitu kilichochovywa. Bibi, aliyekuwa amekuja kumtazama mama, alikuwa akipeta maharage pembeni. Akainua macho, akaona. "Yoo!" akasema, akajiziba mdomo kwa khanga. Hakunituma neno lolote kwa baba. Akaacha maharage kwenye ungo akaingia ndani kwa mama.

Fundi Bihagaze alikuja akaliona koleo akasema ni hilo hilo: rupia zina shaba kidogo ndani yake, shaba ilitoka ikaingia kwenye maji, na chuma kikaivuta ikang'ang'ania juu ya fedha. Hata kwenye baiskeli aliwahi kuona hivyo. "Isugue tu itatoka. Kesho tumia kijiti." Na kweli, baba alisugua kwa majivu ikatoka. Lakini mama alikuwa ameshasikia, na kabla ya wiki kuisha niliona khanga zikifuliwa nyuma ya choo, na Bibi akiyamwaga maji haraka ili nisione rangi yake. Niliiona.

Baba aliingia chumbani kwa mama akakaa humo. Alipotoka alilifunga sanduku kwa kamba, akalipandisha darini. Sikumsikia akisimulia harusi tena. Mteja aliingia, akapewa kiberiti chake, akatoka. Nyumba ikawa kimya, na msiniulize ukimya huo ulikaa kwa muda gani, maana kwangu ulikuwa utoto wote.

Aliyeuvunja ni mama. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na migebuka wa ziwani. Bibi alikuwapo, ameutazama ukuta kama kawaida yake. Mama akanawa mikono kabla hajashiba.

"Baba Zena," akasema, "literemshe lile sanduku."

Baba akaacha kutafuna. Macho yake yakaenda tumboni kwa mama, yakarudi kwenye sahani.

"Mama Zena, tuache. Safari hii tuache."

"Wawili waliotangulia hawakuondoka kwa sababu ya bangili. Nimekaa nao mimi, najua. Lakini nikikaa miezi yote hii bila kitu cha kutazama nitapata wazimu. Nigongee. Nikisikia unagonga najua na wewe unasubiri."

Bibi hakugeuka. Nilingoja anitume. Hakunituma.

Bangili ile tuliitengeneza kama watu wanaobeba yai. Maji mapya ya ndimu kila mara. Kijiti nilikikata mwenyewe kwenye mkalitusi, na koleo nililificha chini ya kitanda changu ili lisije likasogea. Baba aliirudisha fedha motoni mara nyingi kupita hata nilivyodai. Ilipokamilika alichukua msumari akaipamba kwa vidoti mzunguko mzima, kila kimoja kimeelekea upande wake. Nikaikagua ndani na nje, nikaiuma, nikaigonga kwenye jiwe nikasikiliza. Haikuwa na ufa wala alama ya wekundu. Nikaenda kwa mama nikamwambia, "Huyu atakaa." Mama akanivuta, akaniweka kichwa mapajani, na tumboni mwake mtu akanipiga teke la sikio.

Akazaliwa Issa. Alizaliwa akipiga kelele, mwekundu, amekunja ngumi kama anadai kitu. Siku aliyotolewa nje baba alimvisha bangili mbele ya watu, na Fundi Bihagaze akaieleza kwa kila mtu kana kwamba ameitengeneza yeye. Bibi alisimama nyuma. Alikuwa akilia, na mimi nikadhani ni aibu ya kushindwa.

Issa alinenepa. Bangili iliyokuwa ikimlegea ikamkaa barabara, ikatengeneza mkunjo kwenye mkono wake. Alipoanza kuota meno aliitafuna. Alipoanza kukaa alijifunza kuigonga kwenye bakuli la bati, nge, nge, nge, tangu asubuhi, na hakuna aliyemnyang'anya bakuli. Baba akaanza tena kusimulia harusi. Mama aliimba jikoni nyimbo za Kiha za kubembelezea, hata mtoto akiwa ameshalala. Nilitembea kifua mbele. Mimi ndiye niliyejua kwa nini Issa alibaki.

Kisha surua ikaingia mtaani. Wenye umri wangu mnaikumbuka surua ya siku zile, jinsi ilivyopita mlango kwa mlango. Ilinikamata mimi kwanza, halafu Issa. Tulilazwa chumba kimoja, mimi kwenye mkeka, yeye kwa mama. Macho yangu yaligandana kwa tongo nikawa sioni, kwa hiyo siku zile ninazo kwa masikio na pua tu. Issa akikohoa. Issa akilia. Baba akimbeba kwenda hospitali, baba akirudi naye. Bakuli la bati likiwa halisemi kitu.

Alasiri moja, jua limepiga bati, paa linalialia, nikasikia harufu ya mawese. Nikadhani wanapika. Kumbe lilikuwa kopo la mawese lililoletwa chumbani, na mtu alikuwa akipaka kitu polepole, akipaka na kuvuta, akipaka na kuvuta. Halafu nikasikia sauti ya Bibi, karibu kabisa nami.

"Athumani."

Bibi hakuwahi kulitamka jina hilo. Nilingoja aseme Zena, mwambie baba yako. Hakusema.

"Athumani, mwanangu. Nitazame. Ipokee bangili yake. Ameshaivaa."

Ndivyo nilivyojua. Hakuna aliyeniambia. Bibi alikuwa anazungumza na baba uso kwa uso, mbele yangu, bila kupitia kwangu, na kitu cha kuvunja desturi ile hakikuwa kingine duniani. Nikasikia baba akivuta pumzi kama mtu aliyezama. Nikainuka kwenye mkeka, sioni, natapatapa kwa mikono, nikapiga kelele, "Lakini haijapasuka! Itazameni! Haijapasuka!"

"Hora," Bibi akaninyamazisha kwa Kiha, "hora, mwana wanje," akanikumbatia na mikono yake yenye mawese. Mama hakutoa sauti yoyote. Mpaka leo naisikia sauti ile ambayo mama hakuitoa.

Nilipopata nafuu Issa alikuwa ameshazikwa. Sikumwona, na kwa muda mrefu niliwakasirikia wote. Nilikuwa na hesabu yangu nzuri ya ufa na wekundu, na haikuwa na maana tena. Bangili ilikuwa nzima na mtu hayupo. Kama si bangili, basi ni nini? Ndipo nilipogundua, nikiwa na mapele yanayobanduka, kwamba watu wazima nao walikuwa hawajui. Hilo lilinitisha kuliko maiti.

Siku moja baba aliwasha mkaa. Kimyakimya, bila kuniita. Nikatoka, nikaona bangili imewekwa ndani ya kile chungu kidogo, na bomba la kupulizia liko mdomoni mwake. Alitaka kuiyeyusha. Naye mama, ambaye tangu msiba hakuwa ametoka chumbani ila kuoga, akatokea mlangoni amejitanda khanga, akaja akachuchumaa, akaingiza vidole ndani ya chungu akaitoa.

"Usiiyeyushe. Mvishe Zena."

"Haimtoshi, Mama Zena."

"Iongeze."

"Nitaiongeza kwa kitu gani? Rupia zimekwisha. Zote ziliharibika kwenye..." Hakumaliza.

Bibi alikuwa amekaa ukutani, amerudi kwenye desturi yake, ametupa kisogo. Nikaona mikono yake inahangaika shingoni. Alikuwa na rupia moja, imetobolewa, ameivaa kwenye uzi tangu usichana wake, ikawa nyembamba kwa jasho la miaka. Akaukata uzi kwa meno.

"Zena," akasema bila kugeuka, "mwambie baba yako achukue hii."

"Baba," nikasema, "Bibi anasema uchukue hii."

Baba aliipokea kwa mikono miwili. "Mwambie Bibi..." akaanza, kisha akalia, na sikuwa na cha kupeleka. Lakini Bibi alikuwa anasikia.

Baba akaikata bangili ya Issa, akaipanua, akaunganisha kipande cha rupia ya Bibi. Kipande kile hakukitia vidoti. Maungio yalionekana, na hakujali. Alinivisha mimi, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mchezo wake. Nilipokua tu ndipo alipoifungua tena, mara moja, akaongeza kipande kingine kitupu cha fedha ya kununua, akalifunga sanduku. Wengi walimwambia alikuwa ameanza kujua kazi. Mtoto mwingine hakuja, na hatukumsubiri.

Mama hakupenda kulizungumzia. Alibadilika jambo moja tu. Tangu hapo, tukienda sokoni, tukienda Nyakitonto, tukipishana na malori barabarani, alinishika mkono wenye bangili. Hata nilipokuwa msichana mkubwa, wenzangu wakinicheka, alinishika. Hata nilipoolewa, akija kwangu tukikaa mkekani, alinishika, akizungusha kidole gumba juu ya fedha taratibu huku akizungumza mambo mengine. Nilikuwa nikijivuna. Nilijiambia, mama yangu huyu anaogopa kunipoteza, ndiyo maana haniachii.

Alipolazwa mara ya mwisho nilikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa haoni vizuri tena. Akaupapasa mkono wangu, akaipata bangili, na kidole gumba kikaangukia kwenye kipande kitupu, kile cha Bibi. Akatulia. Akaanza kuizungusha. Akaizungusha, akaizungusha, mpaka kidole kilipofika kwenye vidoti. Hapo akakiweka, akafumba macho, uso wake ukalainika.

Miaka yote ile. Sokoni, barabarani, mbele ya wenzangu. Nilidhani ananishika mimi. Nitawaambia ukweli, nilikasirika. Nilimkasirikia mama anayekufa, nikamwonea wivu mtoto asiyewahi hata kusimama. Nilitaka kuuvuta mkono wangu, na nikaona nikiuvuta namnyang'anya Issa tena. Nikauacha. Na nilivyouacha nikahisi vile vidole vyake vingine, ambavyo havikuwa kwenye fedha. Vilikuwa vimenizunguka mkono, kwenye ngozi, navyo vimeshika kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo.

"Mama?" Kijana wa sonara alikuwa amesimama mbele yangu na msumeno wake mdogo. Ndimu zilikuwa zimeshachemka. "Nimekuuliza, nikate hapa palipolika? Vidoti vyenyewe vimeshafutika, huwezi hata kuviona."

"Mimi naviona," nikamwambia. Nikaishika bangili, nikaizungusha kiganjani mwake mpaka ikafika kwenye ile sehemu tupu, nene, iliyo nzima, ile baba aliyoiongeza nilipokua.

"Hiki changu. Kata hapa."

"Lakini hapa ndipo pazima, mama."

"Kata changu, baba. Mimi ndiye niliyekonda. Hicho kingine usikiguse."

Akanitazama, akaona sitanii, akaanza kukata.